Posho ya Mtu Ambaye Hajafa

Abasia ya Thornmere,
baada ya Pasaka

Kwa mdogo wangu Hamo,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, na Mungu akujalie usingizi mzuri na akulindie meno yaliyosalia. Hujambo? Mbwa hawajambo? Mimi sijambo. Narudia ili atakayekusomea asiuruke mstari huu: mimi sijambo kabisa. Nakula, nalala, natembea mpaka bwawa la samaki na kurudi bila fimbo. Kama kuna mtu alikwambia vinginevyo, mtu huyo alikudanganya, au alikuwa na haraka zake.

Anayeniandikia ni Padre Odo wa kanisa la kijijini. Wamonaki wa hapa nao wanajua kuandika, tena herufi zao zina maua na ndege pembeni, lakini watu hawa nisingewapa hata sala zangu wanifikishie. Padre Odo ameniomba nisimwandikishe matusi. Nimemwambia nitajitahidi. Ameguna, kwa hiyo tuendelee.

Najua unadhani niko peponi. Siku ile nilipoondoka jikoni kwa mfalme ulicheka mbele ya watu, ukasema mpika michuzi amejipatia mchuzi wa kudumu. Nilikuwa nimempikia huyu mfalme, na baba yake kabla yake, mpaka moshi ukanila kifua na macho yakawa yanatoa machozi hata nisipokuwa na huzuni. Msimamizi wa nyumba akaniita, akaniambia mfalme amenikumbuka. Nikadhani nitapewa kijishamba. Kumbe amenikumbuka kwa mali ya watu wengine! Aliwaamuru watawa wa Thornmere wanipe chakula, kinywaji, nguo na chumba mpaka nife, vile vile anavyopewa mmonaki. Kwake haikumgharimu hata kipande cha jibini. Mtu anakupa ujana wake wote, ukimaliza kuutafuna unamsukumia jirani na kumwambia jirani, haya, mlishe kwa ajili ya Mungu. Na watu wanapiga magoti wanashukuru. Hata mimi nilipiga magoti, Hamo, na goti likalia kama mlango mbovu.

Siku niliyofika, Baba Abate Gervase aliupokea ule muhuri wa mfalme, akaubusu kwa midomo ya mtu aliyeng'ata tufaha bichi. Alinikaribisha kwa maneno matamu mno. Alisema nyumba hii ni ya Mungu na mgeni ni Kristo mwenyewe. Kisha akanikabidhi kwa Bruda Serlo, msimamizi wa ghala la chakula, na kwa Bruda Serlo Kristo huwa habishi hodi mara kwa mara.

Serlo huyu ni mtu mnene mwenye sauti nyembamba, kama mlango mkubwa wenye ufunguo mdogo. Kila asubuhi tunakwenda kwenye dirisha la ghala, anakaa ndani, sisi tunaopewa tunasimama nje kwenye matope. Amri ilisema nile kama mmonaki. Wamonaki wanakula mkate mweupe wa ngano, laini, unaotoka moshi ukiumega. Mimi nikapewa mkate mweusi wa pumba na maharage, ule wewe unaowapikia mbwa wako, ila wewe angalau unatia mafuta. Pombe yao ni ya shayiri ya kwanza. Yangu ilikuwa maji yaliyooshea pipa. Nilipouliza, Serlo aliniambia kwa upole kwamba tumbo la mzee halivumilii vitu vizito, na kwamba anaifikiria roho yangu.

Nguo niliyopewa ilikuwa ya marehemu Bruda Anselm, ambaye nasikia alikuwa mfupi. Chumba kiko juu ya banda la mabata. Mabata wa Thornmere wanaamka kabla ya wamonaki na wanasali kwa bidii zaidi.

Na kila asubuhi, anaponisukumia ule mkate, Serlo alikuwa na swali lake moja.

"Bado upo, Warin?"

"Bado, Bruda."

"Haya. Mungu ni mvumilivu."

"Na wewe umwige," namjibu, na wale wote waliosimama kwenye matope wanacheka, na yeye anafunga dirisha kwa kishindo.

Usidhani nilinyamaza tu. Sikukuu ya Mtakatifu Martino walichinja nguruwe, wanono, nilisikia mafuta yakichuruzika mpaka kule kwa mabata. Nikaenda dirishani na bakuli langu. Serlo akaniwekea mkia. Mkia, Hamo, na nywele zake. Siku hiyo Abate alikuwa na mgeni, mjumbe wa askofu, wamekaa meza ya juu na mbavu za nguruwe na haradali mbele yao. Haradali yenyewe ilikuwa imepikwa na mtu anayestahili kufungwa. Nikaazima sinia kubwa kuliko zote jikoni, nikauweka ule mkia katikati, nikauzungushia majani kama nilivyokuwa nikimpambia mfalme kichwa cha nguruwe pori, nikaingia ukumbini kwa mwendo wa pole, sinia juu ya bega, mpaka mbele ya mgeni. Nikapiga goti. Nikamwomba aibariki karamu ya mtumishi wa mfalme, maana ni kubwa na naogopa kuila bila baraka.

Yule mjumbe akautazama mkia, akamtazama Abate, kisha akaubariki kwa mkono wote, akicheka mpaka divai ikamtoka puani. Abate naye akalazimika kucheka. Hujawahi kuona mtu akicheka kama anayeng'olewa jino.

Kwa ajili hiyo sikupata nyama tena mpaka Noeli, na hata hiyo ya Noeli ilikuwa shingo ya bata ambaye nadhani nilikuwa namfahamu.

Basi Kwaresima ikaingia, na ukungu wa haya mabwawa ukaingia kifuani mwangu. Homa ilinipiga nikawa sijui nilipo. Wakanibeba mpaka chumba cha wagonjwa, si kwa huruma, ila mabata walikuwa wanapiga kelele nami napiga kelele na wamonaki hawakulala. Nililazwa kwenye majani makavu karibu na mlango. Bruda Serlo akaja kunitazama. Alisimama miguuni pangu akanipima kwa macho toka kichwa mpaka vidole, na mikono yake ikafanya hivi na hivi hewani, kama unavyofanya ukitaka kukata kitambaa cha sanda. Mganga wao, mzee mpole asiyejua chochote, aliomba divai kidogo ya kunichemshia na mdalasini. Nilimsikia Serlo kwa masikio yangu.

"Divai ya nini? Huyu wiki hii anakwenda kunywa kwa Mtakatifu Petro."

"Na kuni, Bruda? Chumba kina baridi."

"Mbona ataota moto wa kutosha aendako."

Si ndio kwanza alisema mimi nakwenda kwa Petro? Hata kunitukana hakuweza kunitukana kwa mpango.

Nilikuwa nimekwisha kupakwa mafuta matakatifu. Nilikubali, Hamo. Nilikuwa nimechoka, na nikawaza kwamba afadhali nife nimpunguzie Mungu kelele za hawa watu. Hapo ndipo alipofika Ivo.

Ivo unamjua, yule mpanda farasi wa mfalme mwenye kovu shavuni, aliyekuwa akija jikoni kuniomba kikombe cha supu kabla ya safari. Alikuja Thornmere kudai magari ya kukokotwa kwa ajili ya msafara wa mfalme. Akauliza, kwa wema tu, Warin wa jikoni yuko wapi. Abate akaweka uso wa msiba akamwambia Warin yuko mlangoni mwa mbingu, na kwamba nyumba nzima inalia. Ivo akapiga mluzi. Haya yote alinisimulia mwenyewe baadaye, akiigiza sauti zao.

Ivo aliwaambia kwamba basi watakuwa na bahati ya kumpata mrithi wangu mapema. Abate akauliza, mrithi gani. Ivo akasema kwani hawajui? Posho ya mtumishi wa mfalme haifi na mtumishi. Huyu akizikwa, mfalme anampeleka mwingine, na huyo mwingine amekwisha kupatikana, ameshapewa neno la mfalme tangu majira ya mavuno. Kisha akamtaja jina.

Jina nitalifikia. Acha kwanza nikueleze lilivyofanya kazi.

Inaonekana mtu huyo anajulikana na watawa wa nchi nzima. Ivo aliwakumbusha kwamba ndiye aliyepanga na mbwa wa mfalme kwenye nyumba moja ya watawa kule kaskazini kwa majira yote ya baridi, na mbwa wakala mpaka kuku wa kutaga. Ndiye aliyemtupa mpishi wa nyumba hiyo ndani ya bwawa, akisema nyama ilikuwa na chumvi nyingi na kwamba mpishi naye anahitaji kulowekwa. Ndiye anayeimba nyimbo za wawindaji wakati wa sala. Sijui ni kiasi gani cha hayo ni kweli. Bruda Serlo aliyaamini yote, na Ivo anasema alikaa chini bila kuangalia kama nyuma yake kuna kiti.

Mimi huku sijui kitu. Ninachojua ni kwamba nilifumbua macho nikaona moto. Moto mkubwa, wa magogo ya mwaloni! Nilidhani ndiko alikosema Serlo. Kisha nikaona Baba Abate Gervase, mtu mwenye pete ya dhahabu, amepiga magoti kwenye majani yangu akiwa na kijiko cha supu ya kuku mkononi. Alikuwa anakipuliza.

"Kunywa, Mzee Warin. Kidogo tu. Fanya hima, mzee wangu."

Wakanihamishia kwenye godoro la manyoya. Ikaja divai ya Gascony, ile anayojificha nayo mwenyewe. Wakaja samaki wabichi kutoka bwawani, ikaja asali, ukaja mkate mweupe umelowekwa kwenye maziwa ya lozi. Kwaresima ile ile iliyokuwa inanizuia mimi kula ikawa haimhusu mgonjwa. Ikasomwa misa nzima ya kuniombea afya, na nasikia waliimba kama hawajawahi kuimba, wazee kwa vijana, wengine na machozi. Watu wale wale, Hamo! Waliokuwa wakihesabu makohozi yangu kwa furaha. Nikawa nimelala pale kwenye manyoya ya bata, nasikia sauti zao kanisani, na nakuambia sijawahi kuwadharau binadamu kama nilivyowadharau siku ile. Wakati wa mkia walinichukia, na chuki angalau ni kitu cha kweli. Sasa wakawa wananipenda kwa kumwogopa mtu mwingine.

Nikapona. Nusu kwa supu, nusu kwa ubishi.

Ivo alikaa kando ya kitanda changu kabla ya kuondoka. Akanisimulia yote, kisha akaniuliza mtumishi wangu yuko wapi. Nikamwambia mtumishi gani, mimi ndiye mtumishi. Akacheka, akasema watu wote wa jikoni na wa zizini wanaotumwa kwa watawa wanapewa posho ya nafsi zao na ya msaidizi mmoja, na kwamba yeye mwenyewe alikuwepo msimamizi wa nyumba ya mfalme alipotamka hivyo kwa ajili yangu. Kwa hiyo tangu nije huku palikuwa na mkate wa mtu wa pili, na pombe yake, na joho lake la Noeli, na Serlo alikuwa anawapa nguruwe zake. Ndio maana walinona.

Nilipoweza kusimama nikaenda kwa Abate. Sikupaza sauti. Nilimwambia kwamba kifua changu bado kibovu, na mganga anasema nikipata mtu wa kunishika mkono na kunibebea sahani ninaweza kuishi miaka na miaka. Akarukia maneno hayo kama mbwa wako kwenye mfupa. Akasema nimchague nimtakaye, na awe na nguvu. Nikamwambia nina mdogo wangu wa tumbo moja, mtu asiye na mke wala makao. Akasema aje upesi. Hakuuliza jina. Wakati huo Serlo alikuwa amesimama pembeni, naye akatikisa kichwa kukubali. Siku hizi dirishani ananiuliza nimelalaje.

Sasa nimefika kwenye jina, na Padre Odo ameacha kuandika akanitazama. Nimemwambia aandike.

Ivo aliniinamia sikioni akalisema, nikamwambia arudie, akarudia. Hamo wa mbwa. Mdogo wangu. Wewe ndiye uliyeomba posho yangu.

Wala usianze kukataa mbele ya huyo anayekusomea. Ulipiga magoti kwenye matope ya uwindaji, mbele ya farasi wa mfalme, ukamwambia kaka yako yuko hoi, hana Noeli nyingine. Majira ya mavuno, Hamo! Majira ya mavuno mimi nilikuwa mzima, nilikuwa napandisha mabata ngazi. Ulinizika nikiwa nakula. Pale pale kwenye lile godoro nikaanza kutunga maneno ya kukuandikia, na Padre Odo amshukuru Mungu kwamba hakuwepo. Nilikuita mlamba sahani. Nilikuita jina ambalo mama alimwita baba siku ile ya ng'ombe. Nilisema, watawa hawa ni wachafu lakini si ndugu zangu, hawakunyonya titi moja nami.

Nikamwambia Ivo afikishe hayo yote kwako. Akakataa. Nikamuuliza kwa nini, ndipo akanieleza, naye alidhani najua. Kwamba nguruwe pori alikuvunja mguu tangu kiangazi na haukuunga sawa. Kwamba banda la mbwa ulilokuwa ukilisimamia lina bwana mpya, kijana wa mtu mkubwa, na wewe umeachwa ulale humo humo kwa sababu hakuna aliyejisumbua kukufukuza. Kwamba unakula mkate wa mbwa, na siku nyingine unagombania na mbwa wenyewe. Kwamba mfalme alipokuona kwenye matope uliomba kwanza chochote, chochote kile, naye akakuambia hana nafasi mpaka mtu afe. Ndipo ukanitaja mimi.

Basi hapo hasira ikanizidi mara mbili. Huyo mfalme ana maghala yasiyohesabika, na kilema aliyeinama kwenye tope lake anamwambia angojee maiti. Na wewe nawe! Ungemtuma mtu aje na neno moja tu. Ungesema, kaka, nina njaa. Lakini mwindaji wa mfalme atamwambiaje mpika michuzi kwamba ana njaa? Ukaona ni heri uniue kwa mdomo kuliko kuniomba. Ndivyo ulivyo tangu utoto, kiburi kirefu kuliko miguu, na sasa mmoja ni mfupi zaidi.

Kwa hiyo sikiliza, maana hili si ombi. Ivo atapita hapo na gari la majani. Utapanda, utakuja Thornmere, utakuwa mtumishi wangu. Utanibebea sahani, utanisugua mgongo, utaniita Bwana Warin mbele za watu. Utakula mkate wako mwenyewe, mweupe, na utaukula nikiwa hai na nikikutazama. Leta mbwa mmoja tu, yule jike mzee, na hao mabata usiwaguse. Na siku nitakapokufa kweli, neno la mfalme unalo tayari, hutahitaji hata kuhama chumba.

Sijakusamehe. Tukishashiba wote wawili tutalizungumza.

Jambo moja tu la kukukumbusha. Ukifika langoni atakuja Bruda Serlo mwenyewe kukupokea, atakushika mkono kwa upendo, atakuuliza unaitwa nani. Usinong'one. Jina lako ulitaje lote, Hamo wa mbwa, kwa ile sauti unayoitia mbwa msituni. Nitakuwa nimekaa kwenye benchi karibu na ghala, na ninataka kumwona uso.

Padre Odo amesema hili linafaa kuungamwa. Kisha ameniuliza siku gani utafika, ili awepo.

Wasalimie watu wa zizini wanaonikumbuka, wale wasionikumbuka waache. Umpe Ivo mkono unaposhuka, kwa sababu wewe huwa husemi asante. Mungu akusafirishe salama.

Ni mimi kaka yako, mzima wa afya,
Warin